Babu Zetu Hawakuabudu Wakiwa Wamekaa

Mwezi uliopita nilijikuta pembeni mwa mkutano wa injili pale Mugumu. Sikwenda kwa kupenda. Basi nililokuwa nalisubiri lilichelewa. Spika zilikuwa zimeelekezwa pande zote nne, kana kwamba Mungu ana shida ya kusikia, na mhubiri kijana aliyevaa suti ya kumbana alikuwa ameacha Injili na kuingia kwenye historia. Akasema Wahindi Wekundu wa Amerika, pamoja na ushenzi wao wa kuchinja watu, walau walijenga mapiramidi. "Babu zenu walijenga nini?" akauliza, na kama ilivyo desturi ya wahubiri wa siku hizi, hakumwachia mtu nafasi ya kujibu. "Vibanda vya nyasi! Na wakaabudu miti na mawe!"

Watu wakacheka. Wakurya, Waikoma, Wangoreme, Wanata, wamesimama kwenye jua kali wanawacheka waliowazaa.

Kijana nimeshamsamehe. Amefundishwa hivyo, na waliomfundisha walifundishwa hivyo. Kicheko ndicho kinachonikera, kwa sababu hakikutoka kwa wajinga. Miongoni mwa waliocheka nilimwona mwalimu wa historia, mtu wa digrii, anayeweza kukutajia Machu Picchu na piramidi za Wamaya bila kumeza mate. Imani hii kwamba babu zetu wa Mara hawakuwa na sanaa, hawakuwa na majengo, na dini yao ilikuwa hofu ya mizimu tu, haiishi mimbarani peke yake. Iko vikaoni, iko vijiweni, iko kwenye vichekesho vya runinga ambamo Mkurya huingia na panga mkononi na lafudhi iliyotiwa chumvi. Tarime ikitajwa kwenye habari, ujue ni dhahabu ya Nyamongo, mapigano ya koo, wizi wa ng'ombe au ukeketaji. Sijasikia bado mwandishi aliyetumwa Tarime kuandika habari za ukuta.

Basi tuanze na ukuta, maana mawe ndiyo anayoyataka kijana.

Vuka mpaka pale Sirari, uingie Kaunti ya Migori nchini Kenya. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori kuna mahali panaitwa Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe matupu: hakuna udongo, hakuna chokaa, hakuna saruji. Jiwe limekaa juu ya jiwe kwa akili ya fundi. Inadhaniwa yalijengwa karne ya 16, na kuna mahali kuta zinapita mita 4 kwenda juu. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wala si boma moja lililoota kwa bahati nasibu. Upande ule wa mashariki ya Ziwa Viktoria maboma ya aina hiyo yanahesabiwa kwa mamia, na waliyakaa kwa kupokezana, Wabantu na kisha Waluo, kila aliyekuja akitengeneza alichokikuta.

Ni mbali sana? Haya, rudi wilayani Serengeti, nenda Ngoreme. Wangoreme walijenga ngome za mawe karne ya 19, wakati wa uvamizi wa Wamasai, wakaingiza humo watu na mifugo. Zimo ndani ya wilaya ileile ambamo spika zilikuwa zinapigwa. Lakini muulize dereva yeyote wa magari ya watalii akupeleke Ngoreme kuona ngome, atakukodolea macho. Mwambie akupeleke Fort Ikoma, ngome ya Wajerumani, atakuuliza unataka kutoka saa ngapi. Mjerumani akipanga mawe ni historia. Mngoreme akipanga mawe ni mawe.

Na tukiwa bado kwenye ujenzi, niseme jambo lililonikaa moyoni. Kuna darasa ninalolijua, silitaji, lililojengwa na mkandarasi mwenye leseni, mhuri na gari jeupe. Masika mawili tu, ukuta ukapasuka kutoka dirishani mpaka msingini, na watoto wamehamishiwa chini ya mwembe. Karne ya 16 hapakuwa na mkandarasi wala mhuri. Tuendelee.

Hao wenyeji wa Amerika ambao kijana anawasifia kwa masharti, angejua waliyotendewa angeufyata. Walowezi wa Kizungu walipoingia bonde la Mississippi walikuta vilima vikubwa vya udongo vilivyojengwa kwa mikono ya watu. Kimoja, cha Cahokia karibu na St. Louis, kina kimo cha mita 30 hivi. Walowezi wakasema haiwezekani. Wenyeji hawa hawana akili hiyo, lazima palikuwa na taifa jingine la watu waliopotea. Wakaishikilia hadithi hiyo miaka mingi, na huku wanaisimulia, ardhi wanaichukua. Ni mwaka 1894 ndipo Cyrus Thomas wa taasisi ya Smithsonian alipotoa ripoti yake na kuonyesha kwamba vilima vilijengwa na mababu wa wenyeji walewale. Huku kwetu Afrika, Mjerumani Carl Mauch alifika Great Zimbabwe mwaka 1871, akaona kuta, akamkumbuka Malkia wa Sheba! Wakaja wanaakiolojia: alichimba Randall-MacIver mwaka 1905, akachimba Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, wote wakasema ni kazi ya Waafrika, na bado watawala wa Rhodesia hawakutaka kusikia.

Umeuona mchezo? Mwenyeji asipojenga, ni mshenzi. Akijenga, hakujenga yeye.

Akiandika je? Wamaya waliandika. Walikuwa na vitabu vyao, na mwaka 1562, mjini Maní kule Yucatán, mtawa Mfransisko Diego de Landa akavichoma moto pamoja na sanamu zao. Baadaye mtawa huyohuyo akakaa akaandika habari za Wamaya, na leo wataalamu wanayategemea maandishi yake kwa kuwa mengine aliyageuza majivu. Kwa hiyo mtu akinijia na ile hoja ya kizee, eti "kama dini yao ilikuwa dini, kitabu chao kiko wapi," huwa namjibu: waulize waliokuwa na kibiriti.

Lakini sitaki kuishinda kesi hii kwa mawe. Nikiishinda kwa mawe nitakuwa nimekubali kipimo cha kijana, kwamba thamani ya watu ni rundo waliloliacha nyuma. Hicho kipimo ndicho ugonjwa wenyewe. Mhubiri na waliocheka naye wana picha moja tu ya dini vichwani mwao: watu wamekaa kwenye benchi, wametazama mbele, mmoja anasema, wengine wanasinzia. Pasipo na benchi, hakuna dini. Pasipo na paa juu ya benchi, hakuna usanifu wa majengo. Wamezunguka Mara yote wakitafuta benchi la babu zao, hawakuliona, wakatangaza kwamba babu hawakuwa na kitu.

Babu zetu hawakuabudu wakiwa wamekaa. Hilo tu. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafunguka.

Chukua Serengeti ya magharibi, kwa Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme. Kizazi kilichoshika zamu ya kuilinda nchi kilikuwa na kazi ya kuizunguka kwa miguu. Kukerera, ndivyo wanavyoita. Walitembea mipaka ya nchi yao na dawa ya kinga, orokoba, wakiifunga nchi isipenywe na maradhi, ukame wala adui. Fikiria ukubwa wa jengo hilo! Ukuta wake ni njia waliyopita, sakafu yake ni mashamba na malisho, dari yake unaijua. Ndani yake mna chemchemi, mna miti, mna vilima vya mababu, ile misambwa ambayo kijana anaiita "miti na mawe". Na kila kizazi kinapaswa kuujenga ukuta upya kwa nyayo zake, kwa sababu ukuta uliojengwa na baba haumlindi mwana aliyebaki amelala. Niambie ni kanisa gani Mugumu ambalo waumini wake wamelijenga upya kwa miguu yao. Sisi tunachangishana tu, na mara nyingi hesabu ya michango haisomwi.

Wakurya nao jengo lao kubwa halikuwa la mawe wala la udongo. Lilikuwa la watu. Kila Mkurya huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina. Upande mmoja kuna Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Upande wa pili Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma. Mtoto wa Msaai ni Mnyambureti, mjukuu ni Mgamunyere, kitukuu ni Mmaina, na kilembwe anarudi kuwa Msaai. Majina manne yanazunguka bila kukatika, pande mbili zinatazamana, na ukikutana na Mkurya usiyemjua unajua papo hapo umheshimu kama baba, utaniane naye kama babu au umchukulie kama ndugu. Mbunifu aliyelichora hilo hakuacha saini. Lingekuwa la mawe, lingekuwa limeshabomoka. Kwa kuwa ni la watu, limevuka Wajerumani, Waingereza na vijiji vya ujamaa.

Na boma lenyewe la Mkurya? Zizi katikati, nyumba zimelizunguka. Kila mke ana nyumba yake, na nyumba hiyo si mahali pa kulala tu: ng'ombe wa mahari ya binti huingia kwenye nyumba ya mama yake, na mirathi hufuata nyumba kwa nyumba. Ukisimama langoni ukatazama mpangilio wa milango, umeshasoma sheria ya ukoo mzima. Ndiyo maana nyumba isiyo na mtoto wa kiume haikuachwa ife. Mwenye nyumba, mwanamke, alioa mwanamke mwingine ili nyumba ipate warithi. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu; ina taabu zake siku hizi na wasichana wadogo wameonewa kwa jina lake, lakini waliobuni walikuwa wanawaza juu ya jengo kwa kina ambacho wasanifu wetu wa mabati ya rangi hawajakikaribia. Kwa habari ya mabati: kaa ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari, saa saba mchana, halafu uniambie nani mshenzi, wewe au bibi aliyeezeka nyasi na kukandika kuta zake kwa udongo na samadi.

Nilimuuliza mzee mmoja wa Nyamwaga, wa wale wanaoitwa wazee wa mila, watu wa zamani walisalia wapi. Akaniangalia kwa huruma. "Mura," akasema, "ulipokuja hapa hukupita kwenye lango la zizi?" Nikasema nimepita. "Basi umepita kanisani, na kofia hukuvua."

Ilibidi aje Mwingereza kuliona hili, jambo linaloniudhi kwa namna yake. Malcolm Ruel alikaa na Wakurya miaka ya 1950, akasoma vizazi vyao na ibada zao, na mwaka 1997 insha zake zikatoka katika kitabu. Neno lake kubwa, ukiliondolea maringo ya kitaaluma, ni kwamba swali la "mnaamini nini?" ni swali la Mkristo. Mkristo ndiye ambaye dini yake inasimama juu ya kuamini. Kwa Mkurya dini ilikuwa kufanya: kufanya yale yanayoulinda uhai, wa mtoto, wa ng'ombe, wa shamba, wa ukoo, kwa wakati wake na kwa utaratibu wake. Mtu na mkewe walipanda ngazi ya uzee kwa isubo, sherehe yenye hatua zake, si kwa kukariri. Inchama, baraza la siri la wazee, halikuwauliza watu wanaamini nini. Liliangalia nchi ina afya gani. Sasa wewe unamwendea mtu wa namna hiyo na daftari, unamuuliza imani yake, anakosa la kusema kwa sababu hakuwahi kuulizwa swali la ajabu namna hiyo, nawe unaandika: "Hawana dini." Umekwenda kwa mkulima ukamtaka cheti cha kulima.

Hapa najua atatokea mtu aniambie mimi ni mpagani. Ndugu yangu, mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa, nimepata kipaimara, na Jumapili hunikosi benchi la tatu upande wa kulia. Ndiyo kwanza naona haya nikisikia Wakristo wenzangu wakiwacheka Waikoma kwa sababu ya Machaba. Waikoma wana pembe za tembo, Machaba, zilizowafikia kutoka kwa nabii wa Kitatoga, na wamezitunza vizazi na vizazi kwa ajili ya uzazi, mvua na uponyaji wa nchi. Mhubiri anaziita sanamu. Ajabu! Kanisa langu kwa karne nyingi limeweka mifupa ya mashahidi ndani ya altare, na padre huibusu altare hiyo kila misa. Mfupa wa mtakatifu ni masalia matakatifu, pembe ya tembo ni ushetani. Papa Gregori Mkuu, mwaka 601, aliwaagiza wamisionari wake kule Uingereza wasiyabomoe mahekalu ya wapagani; wayatakase na kuyatumia. Babu za Waingereza walistahili adabu hiyo. Babu zako wewe hawakustahili?

Na mnamsahau Mwalimu Nyerere. Mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, mkoani mwetu humuhumu, meno yamechongwa kwa mila ya Wazanaki, na mtu wa misa kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Meno yale hayakumzuia kusali, wala sala haikumtuma kwenda kuyang'oa. Nchi ilipokuwa jamhuri mwaka 1962, hakusahau kuunda wizara ya utamaduni, akalalamika kwamba wakoloni walitufundisha kuzionea haya ngoma zetu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, haya imebaki, ngoma zimeondoka.

Zimeondoka kweli. Lile litungu la Kikurya, kinubi kikubwa cha nyuzi nane, mpigaji amekaa na bakuli lake la ngozi, sauti nzito inayokupiga tumboni kabla haijafika masikioni, linapigwa na nani leo? Wazee, na vikundi vinavyoitwa kumkaribisha waziri, dakika tatu, kisha mshereheshaji anawakatiza. Kwaya zetu zimenunua vinanda vya umeme vyenye mdundo mmoja uliotengenezwa kiwandani, na kila wimbo wa kumsifu Mungu kutoka Sirari mpaka Mugumu unaanza na mlio uleule wa tarumbeta bandia. Huo ndio ustaarabu tulioletewa, na bili ya umeme juu. Ukitaka sanaa ya kutazama kwa macho, nenda Moru, kule ndani ya Hifadhi ya Serengeti: juu ya mwamba kuna michoro ya ngao za Wamasai, nyekundu, nyeupe na nyeusi, na karibu yake kuna jiwe kubwa lenye vishimo vya kugongewa, ukiligonga linalia. Watalii wanavuka bahari kuja kuligonga. Mtoto wa Nata hajaliona.

Najua wapinzani wangu wameshapanga jibu, na ni lilelile siku zote: "Kumbe unataka kurudisha ukeketaji!" Nilishalisikia mpaka nimechoka. Ukizisifu kuta za Ngoreme, ukeketaji. Ukiulizia litungu, ukeketaji. Nadhani nikisema ugali wa ulezi ni mtamu, mtu ataniuliza kuhusu ukeketaji. Basi sikilizeni, niseme mara moja na kwa sauti: kisu kile kitupwe, kizikwe, na mzee yeyote wa inchama anayetangaza msimu wa kukata mabinti apelekwe mahakamani, sheria iko tangu mwaka 1998, ni kuitumia. Nimesema. Sasa mnijibu: ukuta umekosa nini? Mwezi Februari mwaka 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kuwahi mafuta ya upako. Sikumsikia mtu akisema kwa hiyo Ukristo hauna usanifu wa majengo, tubomoe Mtakatifu Petro kule Roma. Dini ya mgeni huhukumiwa kwa makanisa yake makuu, ya babu huhukumiwa kwa kisu chake kibaya kuliko vyote. Mizani gani hiyo? Hata mnadani Mugumu hatungeikubali.

Kuna sababu moja zaidi ya watu wetu kuamini kwamba babu hawakuacha kitu: mahali walipoacha vitu pamefungwa. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Waisenye wanasimulia kwamba walitoka Nyeberekera. Leo ni nchi ya simba na nyumbu. Mahali pengi pa misambwa ya watu wa magharibi pamebaki ndani ya mipaka ya hifadhi, na mzee anayetaka kwenda kuomba mvua alipoomba babu yake hana budi kupita kwa askari wenye bunduki. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek akaionyesha dunia filamu yake ya Serengeti, wanyama wametapakaa mpaka upeo wa macho, ikapata Oscar, na dunia ikaamini kwamba hapa hapajawahi kuishi mtu ila mpita njia na jangili. Marekani walishatangulia kwenye kazi hiyo: wenyeji wa bonde la Yosemite walifukuzwa, kisha bonde likasifiwa kwa upweke wake. Huko nako waliziita dini za wenyeji ushenzi kwa maandishi ya serikali. Kanuni za mwaka 1883 ziliiharamisha ngoma ya jua, na sheria ya kuwapa uhuru wa kuabudu kwa dini zao ilipitishwa mwaka 1978. Kanada waliipiga marufuku potlatch, sherehe ya kugawa mali ya watu wa pwani ya magharibi, kwa zaidi ya miaka 60, wakaja kuifuta sheria hiyo mwaka 1951. Mwaka uleule! Wao wanafungua, sisi tunafungiwa.

Tofauti ni kwamba wale waliofungiwa Amerika hawakucheka. Waliificha ibada, waliipigania mahakamani, wakazidai sanamu zao kwenye makumbusho. Sisi hatujahitaji hata kukatazwa. Inatosha kijana mmoja na spika nne.

Kila mwaka shule zetu za Tarime na Serengeti hukusanya michango, wazazi wanauza kuku, basi linakodiwa, watoto wanapelekwa hifadhini kuangalia simba. Sipingi, simba ni mzuri. Ila safari ijayo basi litangulie Ngoreme, kutoka Mugumu ni safari ya asubuhi tu, watoto washuke, watembee kandokando ya ukuta, waweke mikono juu ya mawe. Simba atawasubiri mpaka mchana, na pale ukutani hakuna kiingilio.